Kubeti Tuzo, Mvua na Matukio Mengine Yasiyo ya Mpira: Mwongozo Kamili

Ukipita Makoroboi au stendi ya Nyegezi jijini Mwanza jioni, karibu kila mkeka (tiketi ya ubashiri) unaojazwa kwenye vibanda ni wa mpira, na ndivyo zilivyo pia kurasa za kampuni nyingi za ubashiri, ambako mechi za Uingereza na Hispania huchukua nafasi yote kabla hujafika kwenye kitu kingine. Hata hivyo, ukishuka chini zaidi, mara nyingine utakuta masoko ya namna tofauti: nani atachukua tuzo fulani ya muziki, nchi gani itashinda Eurovision (shindano la nyimbo la nchi za Ulaya), nani atapata Nobel ya Fasihi, theluji itaanguka London siku ya Krismasi au la, papa ajaye atakuwa nani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyetimiza miaka 18, anayeishi Mwanza au kando ya ziwa, ambaye ameyaona masoko hayo na anataka kujua yanavyofanya kazi kabla hajatoa shilingi yake.

Jambo la msingi ni hili. Mpira una mwamuzi, una ubao wa matokeo, na una kanuni ambazo hata mtoto anazijua. Tuzo na mvua hazina vitu hivyo. Kampuni ndiyo inayotunga swali, ndiyo inayochagua chanzo cha jibu, na ndiyo inayopanga mwisho wa kusubiri jibu hilo. Kwa sababu hiyo pesa yako inakaa juu ya sentensi iliyoandikwa kuhusu tukio, na tukio likienda upande wako huku sentensi ikienda upande mwingine, umepoteza. Karibu kila hatua inayofuata inatokana na ukweli huo.

Ubashiri wa aina hii si mgeni duniani. Mwaka 1591 Papa Gregori XIV alipiga marufuku kubeti juu ya uchaguzi wa papa, na adhabu ilikuwa kutengwa na Kanisa, jambo linaloonyesha jinsi mchezo huo ulivyokuwa umeenea Roma. Mwaka 1964 Mwingereza David Threlfall aliweka pauni 10 kwenye kampuni ya William Hill, kwa odi (kiwango cha malipo kwa dau) ya 1,000 kwa 1, kwamba mwanadamu angetembea mwezini kabla ya muongo ule kwisha, na mwaka 1969 akalipwa pauni 10,000. Habari yake bado inasimuliwa kwa sababu ni nadra. Wale walioweka pauni zao juu ya mambo ambayo hayakutokea hawana anayewasimulia.

Hatua ya kwanza: hakikisha leseni

Nchini Tanzania, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Tafuta jina la kampuni katika orodha ya Bodi ya wenye leseni, kisha hakikisha kwamba tovuti au namba ya malipo unayotumia ni ya kampuni hiyo hiyo, kwa kuwa kuiga jina na nembo ni kazi ya dakika chache. Majukwaa ya Marekani kama Kalshi na Polymarket ndiyo yenye maswali mengi zaidi ya hali ya hewa na siasa, na kanuni zao zinafaa kusomwa kama mafunzo, lakini mtu wa Mwanza anayeyafikia kwa njia za pembeni hana pa kulalamikia pesa yake ikikwama. Kuhusu zile beti za kijiweni, ambapo watu wawili wanampa wa tatu pesa ashike hadi mvua inyeshe, tambua kwamba kinachokulinda hapo ni uaminifu wa mshika pesa tu, na kwamba kuendesha ubashiri kwa umma bila leseni ni kosa la jinai.

Hatua ya pili: soma sentensi inayoamua matokeo

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka. Kabla ya kuangalia odi, fungua kanuni za soko husika na utafute majibu ya maswali manne: nini hasa kinahesabiwa kuwa kimetokea, nani anathibitisha, mwisho ni saa ngapi kwa majira ya wapi, na dau linakuwaje tukio likiahirishwa au kufutwa.

Mfano maarufu ni ule wa Krismasi nyeupe nchini Uingereza. Mtu wa kawaida akisikia maneno hayo huwaza paa na barabara zilizofunikwa na theluji. Lakini kwa tafsiri ya mamlaka ya hali ya hewa ya huko, Met Office, inatosha chembe moja ya theluji ionekane ikianguka ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba. Chembe hiyo inaweza kuyeyuka mara tu inapogusa ardhi na soko likalipa. Kinyume chake, theluji iliyoanguka tarehe 24 na kulala juu ya nyasi hadi kesho yake haileti kitu. Anayejua tafsiri hiyo na anayekisia kwa picha za kadi za Krismasi wanabeti mambo mawili tofauti, ingawa mikeka yao inafanana.

Tuje jirani. Ujenzi wa Daraja la Kigongo–Busisi ulianza mwaka 2020 na daraja likazinduliwa rasmi Juni 2025. Tuseme kungekuwa na soko lililouliza kama daraja lingekamilika kabla ya mwezi fulani. Neno hilo "kukamilika" lingeweza kuwa siku vipande vya mwisho vilipounganishwa, siku gari la kwanza la umma lilipovuka, siku mkandarasi alipokabidhi kazi, au siku utepe ulipokatwa, na kati ya siku hizo zinaweza kupita wiki au miezi. Swali lolote lenye maneno kama kukamilika, kuanza, kujiuzulu, kutangaza au kuachana liwekee shaka hadi uone limefafanuliwa.

Kuhusu kuahirishwa, mifano miwili ya karibuni inatosha. Mwaka 2018 Nobel ya Fasihi haikutolewa kwa sababu ya kashfa ndani ya Akademia ya Uswidi, na tuzo ya mwaka huo ikatangazwa Oktoba 2019 sambamba na ya 2019. Mwaka 2020 shindano la Eurovision lilifutwa kabisa kwa sababu ya janga la korona. Kampuni moja inaweza kurudisha madau yote papo hapo, nyingine ikayashikilia hadi tukio lifanyike, na zote zikawa ndani ya kanuni zao. Ukiwa umeweka dau mwezi Januari kwa tukio la Oktoba, tofauti hiyo ni pesa yako kufungiwa mwaka mzima.

Angalia pia kanuni ya kufungana. Februari 2013 tuzo ya Oscar ya uhariri wa sauti iligawanywa kati ya filamu mbili. Kwa kanuni ya kawaida, washindi wakiwa wawili dau hugawanywa nusu: ukiwa umeweka shilingi 10,000 kwa odi ya 4.00, ni 5,000 tu zinazozidishwa kwa 4, nawe unapata 20,000 badala ya 40,000.

Hatua ya tatu: jiulize nani anapiga kura, na nani tayari anajua

Katika burudani, shabiki hubeti anayempenda. Kampuni zinalijua hilo na hupunguza odi za wasanii wenye mashabiki wengi. Juni 2021 Diamond Platnumz alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuwania tuzo ya BET ya Marekani ya msanii bora wa kimataifa, na mitandao ya Tanzania ilijaa hamasa kwa wiki kadhaa. Tuzo ikaenda kwa Burna Boy. Hamasa ya mashabiki ina uzito pale tu mashabiki wanapopiga kura. Kura zikiwa za wanachama wa chama au jopo la wataalamu, kinachostahili kuchunguzwa ni ladha na historia ya hao wanaopiga kura: wamewahi kuwapa watu wa aina gani, na kwa kazi za namna gani.

Eurovision ya mwaka 2024 inaonyesha jambo hilo kwa takwimu. Kabla ya fainali, Kroatia ndiyo iliyopewa nafasi kubwa na kampuni za ubashiri, na kweli ilipata pointi nyingi kuliko wote katika kura za watazamaji, 337. Lakini nusu ya pointi hutoka kwa majopo ya nchi, na majopo yaliipa Uswisi 365. Uswisi ikashinda kwa jumla ya pointi 591 dhidi ya 547. Aliyesoma nguvu ya wimbo mtandaoni alisoma nusu ya mtihani.

Nobel ya Fasihi ni ngumu zaidi, kwa kuwa wapiga kura ni wachache na orodha ya waliopendekezwa hufungiwa miaka 50. Mwaka 2010 Ngũgĩ wa Thiong'o alipanda hadi kuwa kinara wa odi siku chache kabla ya kutangazwa, lakini aliyeshinda ni Mario Vargas Llosa. Mwaka 2021 majina yale yale ya kila mwaka yalitawala tena, na tuzo ikachukuliwa na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye hakuwa miongoni mwa vinara. Kura za papa nazo ni hivyo hivyo: mwezi Mei 2025 makardinali 133 waliingia kwenye mkutano, Pietro Parolin akiwa mbele katika odi, na siku ya pili akatoka Robert Prevost kama Papa Leo XIV. Mahali ambapo wapiga kura hawasemi, odi ni kipimo cha uvumi.

Upande wa pili wa swali unahusu wanaojua. Matokeo ya mechi hayajulikani na yeyote kabla ya kipenga, lakini jina la mshindi wa tuzo huwa limeshaandikwa kwenye bahasha, kipindi cha televisheni kinaweza kuwa kimesharekodiwa, na tarehe ya tangazo la serikali inajulikana na watu wa ofisi fulani. Mwaka 2024 nchini Uingereza, watu waliokuwa karibu na wanasiasa walichunguzwa kwa kubeti tarehe ya uchaguzi mkuu kabla haijatangazwa, na mwaka uliofuata watu 15 wakashtakiwa. Kwa hiyo ukiona odi ya jina lisilojulikana imeshuka ghafla kutoka 30 hadi 6 kwa usiku mmoja, usiikimbilie. Kama kuna aliyejua, alishanunua kwa 30, na wewe unauziwa kwa 6. Kama hakuna aliyejua, unalipia uvumi. Na kama wewe mwenyewe ndiye unayejua kwa sababu ya kazi yako, usibeti, kwa kuwa huo si ubashiri tena.

Hatua ya nne: geuza odi kuwa asilimia

Chukua 1, gawanya kwa odi, zidisha kwa 100. Odi ya 2.00 ni asilimia 50, ya 4.00 ni 25, ya 8.00 ni 12.5. Kisha jumlisha asilimia za washiriki wote wa soko. Tuseme tuzo ina wasanii wanne wenye odi za 2.00, 3.50, 4.00 na 8.00. Hesabu inakuja 50, 28.57, 25 na 12.5, jumla 116.07. Maana yake kwa shilingi ni kwamba ukitaka kupata 100,000 yeyote atakayeshinda, itabidi uweke 50,000, 28,571, 25,000 na 12,500, yaani 116,071. Hizo 16,071 za juu ndizo za kampuni, kabla hata hujaanza kujadili nani anaimba vizuri.

Katika mechi kubwa ya mpira jumla hiyo huwa karibu na 105. Katika masoko ya burudani ni kawaida kukuta 115, 120 au zaidi, hasa washiriki wakiwa wengi, kwa kuwa kampuni nayo haina uhakika na inajikinga. Fanya hesabu hii kila mara, hata kama umeshaamua. Ikizidi 120, binafsi naona hakuna haja ya kuendelea kusoma soko hilo.

Kutokana na hesabu hiyo unaona pia kwa nini kuunganisha masoko haya katika mkeka mmoja ni ghali. Masoko matatu yenye 116 kila moja, yakiunganishwa, yanakuwa 1.16 mara 1.16 mara 1.16, yaani 1.56, ambayo ni 156. Mkeka wa pamoja unavutia kwa odi kubwa ya mwisho, ila kila mstari unaoongeza unalipa tena ushuru ule ule.

Ongeza na kodi ya serikali. Kodi hukatwa kwenye ushindi kabla pesa haijafika kwenye simu yako, na kiwango chake hubadilishwa na Sheria ya Fedha, hivyo angalia kiwango cha mwaka husika. Tuseme ni asilimia 10 ya faida: odi ya 2.00 inageuka 1.90, na ili usipoteze kwa muda mrefu unahitaji kuwa sahihi zaidi ya asilimia 52.6 ya nyakati, si 50.

Hatua ya tano: ukibeti mvua, beti kituo

Mtu wa Mwanza ana faida moja kwenye soko la mvua, nayo ni kwamba anaijua tabia ya ziwa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa hukutana juu ya maji na kupanda, na radi huzaliwa kati ya usiku wa manane na alfajiri. Mchana upepo hugeuka na mawingu hujijenga upande wa bara. Kwa kuwa upepo mkuu hutoka mashariki, mvua nyingi husukumwa pwani ya magharibi, ndiyo maana Bukoba hupata karibu mara mbili ya mvua ya Mwanza kwa mwaka.

Faida hiyo hupotea mtu asipoangalia mvua inapimwa wapi na saa ngapi. Kituo cha hali ya hewa kiko uwanja wa ndege, upande wa Ilemela. Mvua inaweza kumwagika Nyegezi na Butimba hadi mitaro ikafurika, na kipimo cha uwanja wa ndege kikabaki kikavu. Pili, mvua ya siku husomwa saa tatu asubuhi, ikihesabiwa kuanzia saa tatu asubuhi ya jana yake. Mvua ya saa kumi alfajiri ya tarehe 26 kwa hiyo huingia katika kipimo kile kile kilichoanza asubuhi ya tarehe 25, wakati kwa kalenda ni siku nyingine. Soko lisiloeleza kama linafuata kalenda au kipimo cha saa tatu halifai. Tatu, kuna kiwango: siku ya mvua inaweza kumaanisha milimita 1 au zaidi, au inaweza kumaanisha tone lolote lililopimika, na tofauti ya hayo mawili ni manyunyu yote ya asubuhi. Kalshi, kwa mfano, kwenye swali la joto la New York hutaja kituo cha Central Park na ripoti ya kila siku ya idara ya hali ya hewa ya Marekani. Swali la kwetu nalo linapaswa kuwa na ukamilifu huo.

Ukisharidhika na swali, anza na historia. Hesabu miaka 30 iliyopita: katika tarehe hiyo, na siku mbili tatu za kabla na baada, mvua ilifikia kiwango mara ngapi? Ikiwa, kwa mfano tu, ni siku 12 kati ya kila 30 ulizohesabu, hiyo ni asilimia 40, na odi ya haki ni 2.50. Kisha rekebisha kidogo. Mwaka wa El Niño, au wa joto upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, mvua za vuli huwa na nguvu, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023, basi pandisha asilimia yako. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husema kama mvua zitakuwa juu au chini ya wastani. Hausemi lolote kuhusu Jumanne ya wiki ya tatu, na usiutumie hivyo. Utabiri wa siku mbili au tatu unafaa zaidi, ingawa kwa radi za ziwani nao hukosea mahali hata unapopatia siku. Zaidi ya siku kumi mbele, rudi kwenye hesabu ya miaka 30 na uache picha za programu ya simu.

Hatua ya sita: panga dau

Weka dau dogo, la pesa ambayo ungeitumia kwa burudani nyingine mwezi huo, na kamwe si ya ada wala ya mtaji wa dagaa. Kampuni zenyewe huweka ukomo mdogo kwenye masoko haya kwa sababu zinaogopa wanaojua, nawe una sababu ile ile ya kuogopa. Usipandishe dau ili kurudisha lililopotea, na kama unaona umeanza kufanya hivyo, tumia sehemu ya akaunti inayoruhusu kujiwekea kikomo au kujifungia. Usichukue bonasi kabla ya kusoma kama inaruhusiwa kwenye masoko yasiyo ya michezo; mara nyingi hairuhusiwi.

Hatua ya saba: hifadhi ushahidi

Siku unapoweka dau, piga picha ya skrini yenye swali, odi, namba ya mkeka na kanuni ya soko kama inavyosomeka siku hiyo, kwa kuwa ukurasa unaweza kubadilika. Hifadhi pia ujumbe wa malipo wa simu. Matokeo yakitangazwa na ukaona umelipwa isivyo, usianze na simu. Andika kwa huduma kwa wateja, nukuu kanuni yenyewe, ambatanisha chanzo rasmi kilichotajwa ndani yake, kiwe tangazo la waandaaji wa tuzo au taarifa ya kituo cha hali ya hewa, na uombe jibu la maandishi. Jibu lisiporidhisha au lisipokuja, peleka barua hiyo hiyo pamoja na picha zako kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ukitaja jina la kampuni kama lilivyo kwenye leseni. Malalamiko yanayosema "mvua ilinyesha, kila mtu aliiona" hayaendi mbali. Yanayosema kituo kipi, milimita ngapi, ilisomwa saa ngapi na kanuni namba ngapi, hupata mtu wa kuyajibu.